Hamira Yenye Njaa

Baba yangu alikuwa mwoka mikate Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Tanuri lake lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kwenye mtaa wa Waswahili, na moshi wake uliingia hadi kwenye nguo tulizozihifadhi kwa ajili ya Idi. Kazi alijifunza kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka barabarani. Mgiriki alipohamia Usumbura, baba akabaki na tanuri, na wateja wakabaki na baba: makarani, mapadri, wachuuzi wa mawese, na majirani waliokwisha kuzoea chai ya asubuhi na mkate.

Siku ya Uhuru nilikuwa msichana niliyevunja ungo juzijuzi tu. Asubuhi ile baba alitia hamira mara mbili, kwa furaha au kwa kusahau, hakuwahi kutuambia. Unga ukaumuka hadi ukainua ubao ulioufunika, ukamwagika sakafuni, na mama akawa anaupiga makofi na kuurudisha ndani kama anayemrudi mtoto mtundu. Tulioka mpaka magunia yakaisha. Mikate ilitoka mikubwa, myepesi, yenye matundu ya kupitisha kidole, na baba akaigawa bure kwa waliokuwa wakipita kwenda kuona bendera mpya. Jirani yetu mshona nguo aliinua kipande chake kuelekea jua, akachungulia kwenye tundu, akasema, "Uhuru wetu huu iko na madirisha!" Watu walicheka njia nzima.

Sikujua wakati ule hamira ni kitu gani. Kwangu ilikuwa unga wa rangi ya udongo uliokuja ndani ya kopo kutoka Usumbura. Aliyenionyesha kwamba kilichomo koponi kina uhai ni mtu aliyekuja miaka kadhaa baadaye kununua mkate.

Alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari, kijana mwembamba kutoka milimani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alisimama kwenye mlango wa bulanjeri, pale tulipookea na kuuzia mikate, akamwamkia baba kwa adabu.

"Amahoro, mzee. Pamoja na mkate, naomba kipande cha unga uliokandwa. Kidogo tu."

"Ukaoke mwenyewe?"

"Hapana. Nikautazame."

Baba aliacha kupangusa mikono. "Unga wangu iko na kasoro?"

"Hauna, mzee. Ndiyo maana nautaka."

Kesho yake alirudi na hadubini ya shule, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Aliiweka juu ya meza tuliyopozea mikate, akageuza kioo chake kidogo kuelekea mwanga wa mlangoni, akatia tone la maji ya unga, akamwita baba. Baba aliinama hapo muda mrefu. Tulimwona akiacha mdomo wazi.

"Hawa wanazaa," alisema hatimaye. "Wallahi wanazaa! Mmoja anatoa mwenzake ubavuni."

"Ndiyo hao, mzee. Hao ndio wanaokuumulia mkate."

"Na mimi miaka yote hii nawachoma moto?"

"Unawachoma. Lakini wanakufa wameshiba."

Baba alicheka hadi akakohoa. Kisha mwalimu akaniambia na mimi nitazame. Alisogea kando, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo ili baba aione ilipo. Niliona viduara vingi vinavyong'aa, vingine vikiwa na kiduara kidogo kilichobandikana navyo kama chipukizi kwenye shina. Nilimuuliza kama vinatuona. Hakunicheka. Alisema, "Hatudhani hivyo," na mimi nikaipenda hiyo "hatudhani".

Alisilimu, tukaoana. Kwao milimani walinuna, kisha wakazoea. Tulipewa chumba cha pembeni katika nyumba ya baba, chenye dirisha lililotazama ziwa, na chini ya dirisha hilo aliweka meza yake. Shule ilimruhusu kukaa na hadubini likizo zote, maana hakuna mwingine aliyeitumia. Nilimwita Mwalimu, hata baada ya ndoa. Naye aliniita Mwanafunzi, ingawa nilikuwa nimeishia darasa la sita.

Jambo lililomshughulisha lilikuwa njaa. Katika kitabu chake cha Kifaransa kulikuwa na mchoro wa chembe ya hamira: hapa kiini, hapa kifuko cha maji, hapa punje za akiba, kila kitu kimetulia mahali pake. Mwalimu alisema mchoro ule unamwonyesha aliyeshiba. Alichukua hamira ya baba, akaiosha, akaigawa katika chupa nyembamba za kioo. Nyingine alizitia sukari, nyingine maji yaliyochemshwa tu na chumvi kidogo. Kisha akawa anachungulia kila alipopata nafasi, na kuniita.

"Mwanafunzi, njoo uone. Wanahamisha vyombo."

Na kweli walikuwa wakihama ndani ya nyumba zao wenyewe. Zile zenye sukari ziliendelea kuchipua. Zile zenye njaa ziliacha kuzaa kwanza. Halafu vifuko vidogo vya maji vilivyokuwa ndani ya kila chembe vikaungana kuwa kimoja kikubwa, kikajaza karibu nyumba nzima na kusukuma vingine vyote ukutani. Ndani ya kifuko hicho tuliona punje ndogo sana zikitetemeka na kucheza bila kutulia. Kadiri siku zilivyokwenda, sehemu iliyobaki ya chembe ikawa nyepesi, kama uji ulioongezwa maji, na ukuta wake wa nje ukaonekana mnene zaidi.

"Zile punje zinazocheza ni nini?" nilimuuliza.

"Sijui. Nadhani anabomoa vitu vyake mwenyewe na kuvipeleka mle kuvisaga, apate cha kula. Lakini nadhani tu. Kitabu changu hakisemi."

Miaka mingi baadaye, nikiwa bibi kizee, nikichambua maharage kibarazani, nilisikia redio ikieleza jambo hilohilo kwa Kiswahili. Chembe yenye njaa, walisema, hufunga vipande vya mwili wake kwa utando, vile vilivyochakaa na hata vile vizima, ikavibeba hadi kwenye kile kifuko, na humo vikasagwa ili vitu ambavyo haiwezi kuishi bila hivyo vipate kutengenezwa. Niliweka ungo chini. Mwalimu alikuwa amekisia sawa. Nilitazama huku na huku nimtafute mtu wa kumwambia, na aliyekuwapo ni mjukuu wa dada yangu, amelala.

Mwalimu alikuwa pia na dawa ya rangi ya bluu aliyoiomba kwenye zahanati. Alitia tone kwenye kioo pamoja na hamira. Chembe hai huimaliza rangi ile na kubaki nyeupe. Iliyokufa haiwezi, hubaki bluu. Kwa njia hiyo alitaka kujua hamira inaweza kuvumilia njaa hadi wapi. Alianza jaribio hilo mwanzoni mwa mwaka wa 1972. Alipanga chupa zake dirishani, akaziziba kwa pamba, akaniambia, "Hizi usizipe kitu, hata zikikuhurumisha."

Mwishoni mwa mwezi wa nne vita vikatufikia: kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakitokea upande wa kusini, upande wa Nyanza-Lac na Kabonga. Waliua watu Rumonge, wengine tuliokuwa tukiwauzia mkate. Tulijifungia ndani, mama akisoma Yasini, baba ameketi mbele ya mlango na koleo la kutolea mikate mapajani. Kisha wakaja askari, na wale wenye mapanga wakatoweka. Tulidhani yamekwisha. Siku chache baadaye tulifahamu kwamba askari nao wana watu wao wa kuwaua, na kwamba hawawatafuti wenye mapanga peke yao. Walitafuta waliosoma. Kabila la mume wangu sitaliandika hapa. Waliomchukua waliliandika vya kutosha.

Nilimsihi tuondoke. Wavuvi walikuwa wakivusha watu kwenda ng'ambo, Kongo, na wengine wakishuka na pwani hadi Kigoma.

"Tuvuke, Mwalimu. Tutarudi yakitulia."

"Nimefanya nini mimi?"

"Hujafanya kitu. Waliokwisha kuchukuliwa walifanya nini?"

"Anayekimbia ndiye wanayemtafuta," alisema. "Nikikimbia nitakuwa nimejibu swali ambalo hawajaniuliza."

Shule ilikuwa imefungwa, naye alishinda mezani, jicho moja kwenye hadubini. Nilikuwa nikipita nyuma yake na kumwona shingo, na nilishindwa kumkasirikia. Angefanya nini kingine? Kuketi tu na kusikiliza magari?

Walikuja mchana, tukiwa tunakula. Watu wawili wa komini, ofisi ya utawala ya mji wetu, na askari mmoja, kwenye gari. Walikuwa na adabu. Walimwamkia baba, wakakataa kukaa.

"Mwalimu, administrateur wa komini anakuita. Mkutano wa walimu. Si mrefu."

Baba alisema, "Amalizie kula kwanza."

"Atamalizia akirudi, mzee."

Mwalimu alinawa mikono. Aliingia chumbani nami nikamfuata. Alivaa koti, akalivua, akasema kuna joto, akalivaa tena. Alitazama chupa zake dirishani.

"Usizipe kitu," akaniambia. "Nitaziangalia nikirudi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyageuza kila upande tangu siku hiyo, nikitafuta ndani yake kitu kingine, na sikioni. Alikuwa akiongea habari za chupa. Gari liligeuka kwenye kona ya mshona nguo, na sahani yake ya wali ilikuwa bado ina joto.

Asubuhi yake nilikwenda komini. Tulikuwa wanawake wengi, wengine kutoka milimani na watoto migongoni, wote tumesimama juani mbele ya lango. Askari wa langoni alikuwa kijana, Kirundi chake laini. "Rudini kesho," alisema. Tulirudi kesho. Alisema vilevile. Mmoja wetu alisikia wamepelekwa Bururi. Mwingine alisikia kwamba malori yaliondoka yamejaa na kurudi matupu kabla chai haijapoa, na Bururi si mahali pa kwenda na kurudi kwa muda huo. Yule mwanamke aliyesema hivyo tulimnyamazisha kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyeendesha lori. Siku moja askari yule aliniuliza, "Mama, una mtoto?" Nikamwambia sina. "Basi nenda nyumbani," akasema, na nadhani alikuwa ananihurumia.

Nyumbani sikuwa na la kufanya. Nilifagia chumba kilichofagiliwa. Nikaketi mezani pake, nikafanya alichonifundisha: tone la maji kutoka chupa yenye njaa, tone la bluu, kioo chembamba juu, kile kioo kidogo cha chini kikageuzwa kuelekea ziwani kupata mwanga. Chembe za bluu zilikuwa zimeongezeka. Zile zilizobaki nyeupe zilikuwa na vifuko vikubwa kupita nilivyowahi kuona, ukuta mnene, na zile punje zikicheza polepole. Nilifanya hivyo kila niliporudi kutoka langoni. Sikuzipa kitu. Niliona kwamba nikizipa sukari nitakuwa nimesema harudi.

Kisha askari waliopiga kambi karibu na soko wakataka mkate.

Sajini alikuja mwenyewe. Alitaka mkate wa kizungu kila siku kwa ajili ya watu wake, na unga wa ngano ataleta yeye. Ulikuwa umechukuliwa kwenye duka fulani, hatukuuliza lipi. Baba akamwambia ukweli: hamira imekwisha. Barabara ya Bujumbura, ile Usumbura ya zamani, ilikuwa na vizuizi, Magara na Kabezi magari yalirudishwa, na malori ya bidhaa hayakufika.

"Nitawapikia chapati," baba alisema. "Chapati haihitaji hamira."

Sajini alitazama tanuri, akatazama mikono ya baba. "Wewe ni mwoka mikate. Walipokuja wale wa mapanga, uliwaokea?"

"Sikumwokea mtu. Tulijifungia."

"Basi usiseme kwetu hamira imekwisha. Kesho kutwa nitatuma mtu." Alikuwa tayari amefika mlangoni alipogeuka. "Mkate uliovimba, mzee. Nisiletewe jiwe."

Baba alijaribu. Alikanda unga akauacha karibu na tanuri, ukakaa vilevile. Alitafuta hamira mtaa mzima na hakupata. Kwa vijana wagema wa tembo la mchikichi angepata chachu, lakini walikuwa wamekimbia wote, na vibuyu vyao vimevunjwa njiani. Jioni alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba changu. Hakuingia.

"Binti yangu. Zile chupa za mumeo."

Nilijua tangu sajini alipotoa mguu nje kwamba baba atakuja kuziomba.

"Alisema nisizipe kitu, baba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

Baba alishika fremu ya mlango. Alikuwa amekonda, na kola ya shati ilimzunguka shingo bila kumgusa. Hakunisihi wala kuniamuru. Kama angeniamuru, ingekuwa rahisi kwangu. Alisimama tu, na mama alikuwa nyuma yake ukumbini akilia kwa ndani, kama kikohozi. Nilikwisha kumpoteza mmoja, na huyu wa pili alikuwa mbele yangu akiomba maji ya chupa.

Asubuhi nilichemsha maji, nikayaacha yapoe hadi uvuguvugu, nikatia sukari ya mwisho tuliyokuwa nayo, na nikamimina humo chupa zote. Kila baada ya muda nilichukua tone nikatazama. Kwanza hakukuwa na mabadiliko. Zile za bluu zilibaki bluu. Lakini zile chache zilizokuwa hai zilianza kujipanga upya. Kile kifuko kikubwa kikagawanyika kuwa vidogo, sehemu ile nyingine ikajaa tena na kuwa nzito, na kufikia alasiri nikaona kwenye ubavu wa moja chipukizi dogo. Kisha jingine. Juu ya maji povu jembamba lilikuwa limeanza, na harufu ya bulanjeri, ile ya siku zote, ikaingia chumbani.

Nilizichukia. Sijui namna nyingine ya kulisema. Zilikuwa zimekaa bila kitu tangu kabla ya kuchukuliwa kwake, zikijila zenyewe, na kwa sukari ya vijiko zikasimama na kuzaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimpelekea baba beseni, nikaliweka mikononi mwake, nikarudi ndani nikafunga mlango.

Mkate ule uliumuka. Baba alizidi kulisha chachu ile kwa unga wa sajini na kubakiza donge kila siku kwa ajili ya kesho, na hivyo ndivyo alivyopona. Askari walikuja na magunia, wakahesabu, wakaondoka. Mmoja wao, huenda ni yule wa langoni, alimega kipande mbele yetu akala. "Mkate mzuri, mzee," alisema. "Murakoze cane." Baba akaitikia. Nilisikia sauti yake ikiitikia, ya mtu anayeshukuriwa na wateja tangu zamani na hajui kunyamaza.

Kabla hawajahama, sajini aliingia chumbani kwangu, akaona hadubini. "Mali ya serikali," alisema, akaibeba kwapani. Nilitaka kumwambia aishike kwa chini, haishikwi shingoni. Nikamwacha.

Barabara ilifunguliwa, makopo ya hamira yakaja tena, shule ikafunguliwa na walimu wageni. Hakuna aliyetuambia lolote. Ndipo likazuka jambo ambalo sikulitegemea: wanawake wa mtaa hawakujua wanipe mkono wa pole au wasinipe. Shangazi yangu alisema nikae eda, kila mtu anajua mume wangu amekufa. Mama alisema hajui, na mimi nisimzike mtu kwa mdomo. Tulimwendea shehe. Alitusikiliza, mtu mpole, akaniuliza kama kuna aliyemwona Mwalimu amekufa.

"Hakuna, shehe."

"Kuna aliyeona kaburi?"

"Hakuna."

"Basi huyo ni mtu aliyepotea, na mke wa aliyepotea husubiri. Vitabu vinazungumza juu ya miaka." Alivua kofia, akaivaa. "Binti yangu, tuna wangapi katika mji huu wenye kesi kama hii? Vitabu havikuandikwa kwa mji mzima."

Nikasubiri. Sikuwa mke wala mjane. Kwenye harusi sikukalishwa na walioolewa, na msibani sikukalishwa na wafiwa. Mtu alipoleta posa, baba alimjibu kwamba nina mume. Na nilipovaa nguo ya rangi, majirani walinitazama. Baba alikufa katika kusubiri huko, kifo cha kawaida, cha kifua, tukamwosha na kumzika, na niliwaonea wivu waliobeba jeneza kwa kuwa mikono yao ilikuwa na uzito ndani yake.

Muda wa vitabu ulipokwisha, shehe alikuja mwenyewe kuniambia. Nilikaa eda kwa ajili ya mtu ambaye sikuwa na hakika naye, kwenye chumba kilekile chenye dirisha la ziwa, katika nguo nyeupe. Wanawake walikuja, wakaketi, wakaondoka. Hakuna aliyejua aombe dua ipi. Wengine walimwombea rehema, wengine walimwombea arudi salama, na mimi nilisema amina kwa zote mbili.

Siku ya kutoka eda, mama na shangazi waliniogesha, wakanivisha kanga mpya, wakanitia manukato. Niliwaambia nataka kwenda sokoni peke yangu. Mitumbwi ilikuwa imeshapakua, ndagala, dagaa wa ziwa letu, wamemwagwa juu ya majani, bado wanang'aa. Muuzaji alinipimia, akaongeza kiganja, akauliza, "Watu wangapi nyumbani, mama?" Nilihesabu kwa vidole, mama, mimi, nikashika kidole cha tatu na sikukiachia mpaka mtu wa nyuma yangu akaniambia nisogee.